Fundi wa CD na DVD pale Mlandege: nimempelekea diski 11, zimerudi 9 nzima

Nianze na bei maana najua ndo mtakayouliza mwanzo. Shilingi 5,000 kwa diski moja ikiwa inasomeka bila taabu, 15,000 ikiwa ya kuhangaikiwa, na isiposomeka hakutozi hata senti. Ni ghali, nakubali, pale Marikiti unapata kijana akakuchomea DVD kwa 2,000 ukiwa umesimama, lakini kuchomewa kwa haraka haraka ndo kulikonifikisha mie nilipofika na leo nataka niseme kwa nini huyu mzee anastahili pesa yake yote.

Kisa chenyewe ni hivi. Mie nimeolewa Januari 2010, wenzangu wa Unguja mnaukumbuka mwezi ule, ndo katikati ya lile giza lililoanza Disemba 2009 likaja kuisha Machi, kisiwa kizima hakina umeme na harusi zote zinakwenda kwa jenereta. Studio iliyotupiga video, jina naliacha, walitupa DVD 4: ya nikaha, ya kupamba, ya kesha la taarab na ya walima. Ile ya kesha haijawahi kucheza kwenye deki hata siku moja. Unaitia, inazunguka weee, mwisho deki inaandika hakuna diski. Tukarudi studio mara mbili tunaambiwa deki yenu mbovu, tukanunua deki nyengine, mambo yale yale. Na kwenye kesha lile ndo yumo shangazi yangu anatunza waimbaji na kanga yake ya kijani, ambae alifariki miaka mitatu baadae na picha zake tulizonazo hazizidi nne.

Basi nikazikusanya zote, hizo 4 za harusi, CD 2 za babu yangu anasoma Qur-ani alizorikodiwa kwao Wete, Pemba, 2004, CD 3 za picha za skuli nilipokuwa nasomesha, na CD-RW 2, zile za kuandika na kufuta, ambazo nilikuwa natilia kila kitu enzi zile flashi bei yake haishikiki. Jumla 11. Jirani yangu ndo aliyenielekeza, ukitoka Darajani unaingia Mlandege, uchochoro wa wauza vitambaa, ghorofa ya kwanza, ngazi za mbao, hakuna kibao wala nini, unauliza "kwa mzee wa diski" kila mtu anakuonesha.

Nimefika namkuta ami wa makamo, miwani imening'inia shingoni, kakaa mbele ya meza ina kompyuta mbili za zamani na draivu kama sita za aina mbali mbali. Nikasema shikamoo ami, akasema marahaba mwanangu, nipe kimoja kimoja usinimwagie. Jambo la kwanza lililonifanya nimuamini ni kuwa hakuitia hata moja kwenye mashine. Alichukua ile ya babu akaishika kwa ukingo na lile tundu la kati, vidole havigusi chini wala juu, akainyanyua mbele ya taa akawa anaangalia kwa nyuma kama mtu anaeangalia yai. Akaniita, njoo utazame. Wallahi niliona vitobo vya mwanga! Vidogo vidogo kama nyota, na pahala pamoja pana kiraka kizima cheupe sawa na ukucha wa kidole kidogo, mwanga unapita moja kwa moja.

Akaniuliza hii ilikuwa na stika? Nikasema ndio, niliibandika mwenyewe jina la babu, na mwaka juzi ikaanza kunyanyuka pembeni nikaibandua. Akatikisa kichwa taratibu. Hapo ndo aliponieleza kitu ambacho mie na elimu yangu yote sikuwa nakijua na naamini wengi wenu hamukijui: kwenye CD maneno, yaani chochote kilichorikodiwa, hayakai upande ule wa chini unaong'aa tunaouogopea mikwaruzo, yanakaa juu, chini tu ya pale penye maandishi na picha. Diski nzima unene wake milimita 1.2, karibu yote hiyo ni plastiki ngumu, na tabaka la rangi pamoja na lile la fedha linalong'aa yapo juu kabisa yamefunikwa na vanishi nyembamba mno. Kwa hiyo mkwaruzo wa chini unaweza kusafishwa hata kusuguliwa ukaondoka, lakini ukikwaruza juu, au ukabandua stika kama nilivyofanya mie, unaondoka na lile tabaka lenyewe, na leza ikifika pale haina cha kuirudisha. Surati mbili za babu zimekwenda na ile stika. Hazirudi. Alinambia pale pale, hakunizungusha wala hakuniahidi kujaribu ili nirudi rudi na nauli zangu, na CD ile moja yenye nusu hakunitoza.

DVD sivyo, yenyewe ni vipande viwili vya milimita 0.6 vimegundishwa kwa gundi na maneno yapo katikati kama nyama ya sambusa, kwa hiyo juu si rahisi kuharibu lakini ugonjwa wake ni ile gundi. Joto na unyevu wa kwetu huku vinaingia kwa ukingoni, na mtu akiikunja kuitoa kwenye kasha lililokaza ndo anaiachanisha. Akanionesha moja ya mteja mwengine imepasuka kama chapati ya kusukuma, unaweza kutia kucha katikati.

Sasa nieleze hili la rangi maana ndo kitovu chenyewe. CD ya nyimbo tuliyokuwa tukinunua dukani ya kiwandani, ile vishimo vyake vimepigwa muhuri kwenye plastiki, havifutiki. Hizi za kuchoma, zile zilizoandikwa R, hazina vishimo. Zina mchirizi mmoja mrefu unaoanzia ndani unazunguka kwenda nje, ukiukunjua kwenye CD ni zaidi ya kilomita 5, yaani unatoka Forodhani unaupita uwanja wa Amani bado unakwenda, na juu ya mchirizi ule imepakwa rangi. Leza ya kuandikia inakuwa na nguvu kuliko ya kusomea, inapiga inaunguza rangi pahala, inaacha, inaunguza tena. Pale palipoungua hapang'ai tena vizuri. Wakati wa kusoma leza ile ile inapita kwa upole, na pale mng'ao unapobadilika, kutoka kung'aa kwenda kufifia au kinyume chake, mashine inahesabu moja, pasipobadilika inahesabu sifuri. Kwa hiyo tunavosema "kuchoma" CD sio maneno tu, ni kuchoma kweli kweli. Akanionesha kwa macho, ukiigeuza diski iliyoandikwa nusu unaona kabisa mstari, ndani kuna duara lenye rangi iliyokoza kidogo, nje rangi nyengine, hapo ndo harusi ilipoishia akasema.

Na rangi si moja. Ya babu ilikuwa ya kijani chini, akasema hiyo ni saianini, ya mwanzo mwanzo, haipendi jua hata kidogo. Ile ya dhahabu dhahabu au nyeupe isiyo na rangi sana ni thalosaianini, inavumilia zaidi. Ya buluu iliyokoza ni azo. Ukiiacha CD-R kwenye dashibodi ya gari hapa kwetu ujue jua linaendelea kuichoma kidogo kidogo kila siku, rangi iliyokuwa haijaungua nayo inachoka, na tofauti baina ya penye alama na pasipo alama inapungua mpaka mashine haiwezi tena kutenganisha. Hakuna mkwaruzo wala nini, diski unaiona nzima kabisa, safi, na ndani imeshakufa. Zangu za picha za skuli zilinusurika kwa sababu moja tu, mama alizitia kwenye sanduku la nguo chini kabisa, kiza, pakavu, na udi wake.

Nije kwenye ile ya kesha. Aliitia kwenye draivu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikasoma kuwa kuna diski na kuna maandishi lakini haijafungwa. Akacheka kidogo, akasema mwanangu deki yenu haikuwa na kosa, hawa hawakuifunga. Nikamuuliza kufungwa ndo nini. Diski ya kuchoma ukimaliza kuandika lazima mashine irudi ndani kabisa iandike orodha, kitu gani kipo wapi, kimeanzia wapi kimeishia wapi, na ipige alama ya mwisho. Kompyuta inaweza kubahatisha hata bila ya hivo lakini deki ya nyumbani ikikosa orodha haijui pa kuanzia, inakwambia hakuna diski. Ukiwa na jenereta inayokohoa na foleni ya maharusi watano nje, unaitoa diski kabla haijamaliza. Kazi ya dakika chache tu! Dakika chache zile zimeninyima uso wa shangazi yangu miaka yote hii.

Aliniambia niiache. Siku tisa baadae akanipigia. Kasoma mchirizi wote kutoka mwanzo mpaka mwisho bila ya kutegemea orodha, katoa filamu nzima, saa moja na dakika arubaini, na sekunde chache tu zinakatika katika karibu na mwisho. Sikuweza kusema kitu kwenye simu. Nilikwenda siku ile ile na mvua yake.

Zile CD-RW mbili sasa. Moja ilisomeka vizuri, moja ndo ile iliyokufa kabisa, na hapa naomba kila mwenye RW nyumbani asikilize. RW haina rangi ya kuungua, ina mchanganyiko wa madini, fedha, indiamu, antimoni na teluriamu, na namna inavofanya kazi mie nimeifahamu kwa mfano wa shira ya visheti (mfano wangu huu, sio wa ami, lakini nilipomwambia aliupenda). Shira ukiipoza taratibu huku unakoroga inafanya punje inakuwa nyeupe, ukimwaga tone kwenye sahani ya baridi likaganda ghafla linakuwa kama kioo, unaona upande wa pili. Sukari ile ile, tofauti ni kupoa tu. Basi na madini yale vile vile. Leza ikiyapiga kwa nguvu mpaka yakayeyuka kisha yakapoa ghafla yanaganda ovyo bila mpango na hapang'ai, hiyo ndo alama. Ikiyapasha kwa kiasi, joto la kama nyuzi 200 bila kuyayeyusha, yanajipanga tena kuwa punje na pale panarudi kung'aa, yaani pamefutika. Ndo maana unaweza kuandika na kufuta, wanasema kama mara 1,000.

Lakini uzuri wake ndo ubaya wake. Kitu kinachofutika si pa kuweka amana. Yule mdogo wangu alikuwa kaifuta ile moja ili atie nyimbo, na kaifuta ile ya kufuta kote, mchirizi mzima umepashwa moto ukapangika upya. Ami akasema ingekuwa ile ya kufuta haraka, ambayo inafuta orodha ya ndani tu na kuacha mengine, angejaribu bahati yetu, lakini hii imekuwa mpya kama imetoka dukani, hakuna kilichojificha chini. Halafu kitu chengine, RW inarudisha mwanga kidogo sana, robo au chini ya hapo, wakati CD ya kiwandani inarudisha kama asilimia 70, ndo maana deki za zamani nyingi zilikuwa zinazikataa. Sio uchawi, ni mwanga hautoshi.

Sasa kazi yenyewe ya kuchoma nakala mpya, hapa ndo nilipoona tofauti yake na wale wa 2,000. Niliomba kukaa kutazama akanikubalia. Mwanzo anaisoma ile diski tupu kabla hajaandika kitu, kuna programu inaonesha nani kaitengeneza khasa, maana ule mchirizi haukunyooka, umepindapinda kidogo kidogo, na kupinda kule ndo kunaiambia mashine iko wapi na izunguke kwa kasi gani, na imo na alama ya aliyeitengeneza. Alichukua moja kwenye pakiti niliyonunua mie barabarani, yenye jina kubwa, alama ya ndani ikasema mtu mwengine kabisa. Akazisukuma pembeni zote 25, akasema hizi zitilie za kusikiliza kwenye gari. Alitumia zake.

Pili, kasi. DVD imeandikwa 16x, yaani inaweza kuchomwa kwa mwendo mara 16 ya ule wa kawaida, yeye alichoma kwa 8x. Nikadhani ukienda taratibu zaidi ndo bora zaidi, akasema hapana, hizi diski za siku hizi rangi yake imetengenezwa kwa mwendo, ukienda polepole mno unaiunguza kupita kiasi na ukienda mbio mno alama zinatoka hazina kingo nzuri, ya katikati ndo salama. Diski nzima ilichukua kama dakika 9 na ile kufunga. Halafu akaitoa akaitia kwenye draivu nyengine, sio ile iliyochoma, ikasomwa yote tena ikalinganishwa na asili. Sijawahi kumuona mtu mjini hapa anafanya hivo, wengi wanaangalia dakika ya mwanzo ikicheza wanakukabidhi. Na jina hakuandika kwa peni ya kawaida wala stika, ana maka yake ya maji, na anaandika pale ndani karibu na tundu kwenye plastiki tupu ambako hakuna kitu cha kuharibu.

Kuhusu kusafisha pia alinifundisha, kitambaa laini kutoka tundu la kati kwenda ukingoni moja kwa moja, msizungushe duara. Sababu ni kuwa ndani ya CD kuna hesabu za ziada, za wataalamu wa hesabu Reed na Solomon za mwaka 1960, zinazojaza pengo pale kidogo kilipopotea, kwenye CD hata pengo la milimita 2 na nusu za mchirizi linazibika lenyewe. Mkwaruzo unaokata mchirizi unapita haraka, hesabu zinafidia. Mkwaruzo unaofuata mchirizi unameza kipande kirefu kwa pamoja, hapo hakuna hesabu itakayokusaidia. Mie miaka yote nazisugua kwa kuzungusha na kanga.

Kasoro zipo na lazima nizitaje. Aliniambia siku nne, imekuwa siku tisa, na simu yake mara nyingi haipokelewi. Mle ndani pana joto jamani, panka analigeuzia mashine sio watu, na kiti cha mteja ni kimoja na mguu wake unacheza. Risiti hana, anaandika kwenye daftari, mie nilipiga picha ile kurasa na nyinyi fanyeni hivo. Na kuna kitu kimoja sikukipenda, sikuambiwa mwanzo kuwa diski tupu zake zinalipiwa mbali, 3,000 kila moja, nimeambiwa wakati wa kulipa. Alinipunguzia nilipolalamika lakini angesema mapema.

Nilimuuliza kwa nini asinitilie kwenye flashi tu tukamaliza. Akasema nitakutilia, na akanitilia bila ya pesa ya ziada, ila flashi usiifanye ndo pekee, ikifa inakufa yote kwa siku moja, diski ikianza kuumwa unaiona mapema. Mwenye pesa zaidi anaweza kuagiza zile diski zinazoitwa M-DISC, hazina rangi ya kuungua, leza inachonga tabaka gumu kama jiwe, na kampuni iliyozitoa ilidai zinadumu miaka 1,000. Zinataka draivu maalumu ya kuandikia ila kusoma zinasomeka kwenye deki yoyote ya DVD. Yeye anazo chache za wateja wanaoagiza. Mie nimechukua moja ya kesha, kwa hiyo kesha ninalo mara tatu.

Nakala ya kwanza nimeipeleka Wete mwenyewe kwa boti, nimeibeba mkononi kwenye kasha gumu, sikuitia kwenye begi. Mama kaitazama mara mbili mfululizo, na alipofika shangazi anainuka kwenda kutunza, anaitikisa ile noti hewani kabla hajaitoa kama alivokuwa akifanya siku zote, mama akasema isimamishe hapo hapo usiendelee, tukakaa na picha ile imesimama kwenye TV mpaka adhana ya magharibi.

Yupo kuanzia saa tatu asubuhi, Ijumaa anafunga kabla ya sala na harudi mpaka Jumamosi. Pelekeni diski zikiwa kwenye makasha, msizifunge na raba wala msizitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na funguo, atawasema. Na ikiwa mnazo za babu zenu zina stika, msiibandue, mpelekeeni nayo hivo hivo ilivo.